Shenandoah, Six Nations Women Singers au Robbie Robertson: unataka kuchanganya nyimbo za asili na gita, uanze kusikiliza ipi?

Mpwa wangu yuko Morogoro, anapiga gita na kutunga nyimbo zake mwenyewe, na ana wazo moja linalomkosesha usingizi, anataka azichukue zile nyimbo za ngoma alizokuwa anaimba bibi yake aziweke kwenye gita bila kuziua. Juzi akanitumia voisi, "Shikamoo mjomba, we si uko Syracuse, wenyeji wa asili wa huko wamefanyaje na nyimbo zao? Nisikilize nini?" Nikamjibu kwa voisi tatu ndefu mpaka chaji ikaisha, halafu nikaona bora niandike tu vizuri, maana najua hayuko peke yake mwenye swali hilo.

Kwanza huku nilipo. Mji wa Syracuse umekaa kwenye ardhi ya Waonondaga, na taifa lao mpaka leo liko hapo kusini mwa mji, ukishika barabara kuu ya 81 unapita katikati ya eneo lao. Waswahili tupo wengi hapa, wengi ni ndugu zetu wa Congo waliokuja kama wakimbizi, na tunaweza kupita hiyo barabara miaka bila kujua kwamba hapo ndo penye moto wa baraza la shirikisho zima la wale ambao vitabu vinawaita Iroquois. Wenyewe wanajiita Haudenosaunee, yaani watu wa nyumba ndefu. Ni mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca, na Tuscarora waliojiunga baadaye, miaka ya 1720 hivi.

Sasa kabla sijalinganisha chochote kuna jambo moja lazima liwekwe mezani, maana bila hilo ulinganisho wote unakuwa wa kijuujuu. Nyimbo zao ziko za aina mbili. Kuna za ibada na za tiba, hizo ni za ndani ya nyumba ndefu, yaani jengo lao la ibada na mikutano, zina msimu wake na wenyewe wake, sio za kurekodi wala za kupeleka jukwaani. Manyanga makubwa yanayotengenezwa kwa kobe mzima, kichwa kimenyooshwa kikawa mpini, yako upande huo. Halafu kuna nyimbo za jamii, za kucheza na kufurahi, ambazo mgeni anakaribishwa naye aingie kwenye mstari, wanazunguka kinyume cha mshale wa saa na ukikosea hatua hakuna anayekusema. Wasanii watatu ninaowalinganisha hapa, kwenye kazi nilizozichagua, wamechota kwenye nyimbo za jamii. Mpwa wangu nilimwambia hili ndo swali la kwanza hata kwake, kabla ya kugusa gita: wimbo huu wa bibi ni wa kuchezea au ni wa jando, wa msiba, wa tambiko? Kama ni wa tambiko mwache bibi nao.

Na hizo za jamii zenyewe hazijaganda. Kuna dansi ya mamba, na mamba huku kwenye theluji hayupo, imetoka kwa mataifa ya kusini kabisa mwa Marekani. Dansi ya sungura, ambayo mwanamume na mwanamke wanacheza wawiliwawili, imetoka kwa mataifa ya magharibi. Kwa hiyo mtu akisema kuchanganya ni kuharibu asili, mi namwambia hao watu wamekuwa wakipokea na kutoa nyimbo siku zote.

Vyombo ni vichache. Ngoma ya maji, ndogo, inakaa kwenye mkono mmoja, ni chombo cha mbao kina maji kidogo ndani na juu kimewambwa ngozi iliyolowa, mpigaji anaipindua ngozi ilowe, anaivuta, anagonga kidogo anasikiliza, anaivuta tena mpaka sauti ikae. Sauti yake ina umajimaji fulani, ukiisikia mara moja huisahau. Pamoja nayo manyanga ya pembe ya ng'ombe, kipande cha pembe kimezibwa mbao huku na huku na ndani kuna punje ngumu. Basi. Hakuna chombo cha kupiga kordi, na hapo ndo shida ya mtunzi wa gita inapoanza.

Chukua nyimbo za dansi ya wanawake, zinaitwa eskanye, ile ya kuburuza miguu taratibu bila kuiachia ardhi. Wimbo mmoja unaweza kuisha ndani ya dakika moja hivi. Kiongozi anaimba mstari wa kwanza peke yake, wote wanaurudia, wanaingia mstari wa pili, wanarudi wa kwanza, wanamalizia na wa pili, umekwisha, manyanga yanatikiswa haraka haraka kisha wimbo mwingine unaanza. Maneno mengi sio maneno, ni silabi za kuimbia tu, kama sisi tunavyoimba ee-lele bila kuuliza lele ni nini. Wimbo wa gita wa kisasa wenyewe unataka beti tatu nne zenye kisa, kiitikio, dakika tatu na nusu. Hivi viwili unavikutanishaje? Kila mmoja kati ya hawa amejibu kwa njia yake, na mi nitawapima kwa hilo jibu.

Joanne Shenandoah. Huyu ndo jina kubwa kuliko wote kwenye huu mchanganyiko, Muoneida wa ukoo wa mbwa mwitu, alizaliwa 1957 akafariki Novemba 2021. Mama yake Maisie alikuwa mama wa ukoo, na mama wa ukoo kwa Haudenosaunee sio cheo cha heshima tu, ni yeye anayechagua chifu na ni yeye anayeweza kumvua. Baba yake Clifford alikuwa chifu wa Onondaga na wakati huohuo mpiga gita wa jazi. Yaani mchanganyiko haukuanzia studio, ulianzia sebuleni kwao! Jina lake la asili, Tekaliwhakwa, maana yake ni anayeimba, na pamoja na hayo alifanya kazi za kompyuta miaka mingi kabla hajaamua kulifuata jina lake.

Albamu ya kuanzia ni Matriarch ya 1996, ni nyimbo za wanawake zilezile za dansi. Alichofanya ni kupunguza mwendo, kupanga sauti juu ya sauti, na kuzungushia gita na vyombo vingine vya taratibu, wimbo wa dakika moja ukapata nafasi ya kupumua. Sauti yake haisukumi, inakaa chini halafu inapanda pole pole kama moshi asubuhi, na hata kama hujui neno moja la Kioneida unaelewa kwamba mtu anaimba kitu anachokipenda. Kwa mtu mgeni kabisa hakuna mlango mzuri kuliko huu, mi mwenyewe niliingilia hapo.

Ila niseme na upande wa pili. Miguu imepotea. Zile nyimbo zilitungwa kwa ajili ya nyayo za wanawake zinazoikanda ardhi, na kwenye albamu huwezi kuburuza mguu, unakaa tu unasikiliza. Ukisikia Matriarch peke yake unaweza kudhani muziki wa Haudenosaunee ni wa upole na huzuni, wakati kwenye ukumbi wa dansi ni vicheko na jasho. Sio kosa lake, alichagua kuufanya wa kusikiliza na akajua anachofanya, lakini kwa mtunzi anayejifunza ni jambo la kulijua mapema: ukipunguza mwendo wa ngoma unapata uzuri mmoja na unalipa kwa mwingine.

Ana kazi nyingine ya 2000, Peacemaker's Journey, inasimulia safari ya Mpatanishi aliyewaunganisha mataifa matano ya mwanzo chini ya Sheria Kuu ya Amani, na hiyo iliteuliwa kwenye Grammy mwaka ambao tuzo ya muziki wa wenyeji wa Marekani ilitolewa kwa mara ya kwanza. Hapo yuko karibu zaidi na msimulizi, na kwa wale mnaoandika nyimbo za visa mtaipenda kuliko Matriarch. Na ile ya 1998, Orenda, ameimba na Lawrence Laughing, Mmohawk, sauti ya kiume na ya kike zinapokezana. Mi naiweka usiku nikitoka shifti.

Six Nations Women Singers. Hawa wanatoka eneo la Six Nations kando ya mto Grand, Ontario, Kanada, karibu na Brantford, wanaongozwa na Sadie Buck, Mseneca. Albamu yao We Will All Sing ni ya 1996 pia, na ukiiweka baada ya Shenandoah utashtuka maana hakuna gita, hakuna filimbi, hakuna kinanda. Sauti za wanawake, ngoma ya maji, pembe. Mpwa wangu alipowasikia akasema, "Sasa mjomba hapo mchanganyiko uko wapi, si ni ngoma tu ya asili?"

Hapo ndo nilipotaka kumfikisha. Eskanye ni mtindo wa asili lakini nyimbo nyingi ni mpya, zina watunzi walio hai. Kule kuna vikundi vya kuimba ambavyo vinakutana kwenye mikusanyiko mikubwa ya kuimba, na vikundi vinakuja na nyimbo zilizotungwa karibuni, watu wanasikiliza kwa makini nani kaleta melodi gani. Mtunzi anaweza kuokota kipande cha wimbo aliousikia redioni, wa kikantri au wa kanisani, akaubana ndani ya ule mpangilio wa mistari miwili, akautia kwenye ngoma ya maji, ukatoka wimbo wa eskanye halali kabisa. Umeona? Shenandoah ameichukua nyimbo ya zamani akaipeleka kwenye vyombo vipya. Hawa wanachukua masikio mapya wanayapeleka kwenye mpangilio wa zamani. Ni safari ileile lakini mlango ni wa upande wa pili, na kwa maoni yangu huu wa pili ni mgumu zaidi na hauongelewi vya kutosha kwa sababu mtu wa nje anasikia pembe na ngoma anasema aah, asili.

Na kitu kingine kilichonigusa kuliko muziki wenyewe. Hivyo vikundi vya kuimba ni vyama vya kufa na kuzikana. Hela inayopatikana inaenda kwa mgonjwa, kwa nyumba iliyoungua, na memba wanaenda kumsaidia mzee kazi za nyumbani. Mtu yeyote aliyekulia uswahilini anaelewa hili bila kuelezwa, kikundi cha ngoma cha kina mama kwetu ndo hichohicho kinachopika msibani. Kumbuka pia kwamba kwenye nyumba ndefu kwa sehemu kubwa wanaoongoza kuimba ni wanaume, hata nyimbo za dansi ya wanawake, kwa hiyo kundi la wanawake kushika ngoma na kuimba hadharani nayo ni mabadiliko, na yametoka ndani.

Upungufu wake kwa msikilizaji: nyimbo fupifupi, zinafuatana, mara ya kwanza zote zinaweza kusikika sawa. Usikate tamaa. Sikiliza seti moja mara tatu ukiwa unafanya kazi ya mikono, kuosha vyombo au kukunja nguo, mara ya tatu utaanza kusikia pale kiongozi anapoinua sauti peke yake na wenzake wanavyomdaka.

Robbie Robertson. Wengi mnamjua kama mpiga gita wa The Band, bendi ya roki, aliyefariki Agosti 2023, wachache wanajua mama yake alikuwa Mcayuga na Mmohawk wa hukohuko Six Nations, na kwamba gita lenyewe alilijulia kwa ndugu zake wa upande wa mama alipokuwa anaenda likizo utotoni. Miaka mingi aliimba mambo mengine. Mwaka 1994 ndo akatoa albamu ya muziki kwa ajili ya filamu ya televisheni kuhusu wenyeji wa Marekani, halafu 1998 akaja na Contact from the Underworld of Redboy, ya biti za kompyuta na sampo (vipande vya sauti zilizorekodiwa), na ndani yake kuna wimbo Stomp Dance (Unity) ambao amewaita walewale Six Nations Women Singers.

Hapa sikiliza kwa makini maana ndo darasa. Stomp yenyewe kule nyumbani haina ngoma kabisa, ni kiongozi anaita na wengine wanaitikia huku nyayo zinagonga chini, mwito na mwitikio. Robertson nafasi ya nyayo akaweka biti, akajenga wimbo wa redio juu yake wenye beti za Kiingereza, na sauti za kina mama zikabaki kama zilivyo, hakuzilainisha. Aliuimba hata kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi ya Salt Lake City, 2002. Kwa nguvu na ukubwa hakuna anayemfikia. Na alichofanya sahihi ni kwamba aliwaita wenyewe, majina yao yakaandikwa, kwenye wimbo huu hakuchukua kanda ya zamani ya mtafiti akakata kipande. Wasiwasi wangu ni mmoja, kwenye albamu yote sauti za asili zinakuja kama wageni kwenye nyumba ya studio, wimbo ungeweza kusimama bila wao, na mi kipimo changu cha mchanganyiko ni hicho: ukitoa upande mmoja, je, wimbo unaanguka? Kwa Shenandoah unaanguka. Kwa Robertson wakati mwingine unabaki umesimama.

Nitaje na njia ya nne haraka, maana watu wa gita huwa wanaipenda: kuimba habari zao bila muziki wao. Johnny Cash, mwimbaji wa kikantri, mwaka 1964 aliimba As Long as the Grass Shall Grow, wimbo wa Peter La Farge, kuhusu bwawa la Kinzua lililozamisha ardhi ya Waseneca kama ekari 10,000 na kuwahamisha watu zaidi ya 600, ardhi ambayo mkataba wa Canandaigua wa 1794 uliwahakikishia kuwa yao. Hata nyumba ndefu ya Coldspring ilibidi ihame. Ni wimbo wa ukweli na ulisema jambo wakati ambao wengi walinyamaza, ila usiuite mchanganyiko, hakuna melodi ya Kiseneca humo. Mpwa wangu nilimwambia, kuandika kuhusu bibi na kuimba na bibi ni vitu viwili.

Pia kama mmekulia kwaya, tafuteni nyimbo za dini za Waoneida. Wamisionari walileta nyimbo zao, Waoneida wakazitia kwenye lugha yao, wakaziimba bila chombo, misibani hasa, na waimbaji wa Oneida wa Wisconsin walipewa heshima ya taifa ya urithi mwaka 2008. Shenandoah naye yumo kwenye albamu ya nyimbo hizo pamoja na mama yake, ya 2003. Mtu wa Tenzi za Rohoni atajisikia nyumbani, hilo nawahakikishia. Na kwa wanaotaka kijana wa sasa na gita lake, Logan Staats, Mmohawk wa Six Nations, ana sauti ya mikwaruzo mizuri, ila muziki wake ni wa gita la kisasa zaidi kuliko eskanye.

Sasa uchague nini. Kama unataka tu kusikiliza na una jioni moja, Matriarch, usihangaike. Kama unafundisha watoto au una kikundi na unataka kitu cha kuwainua wacheze, We Will All Sing, maana ndo pekee kati ya hizi ambayo mwili unaielewa kabla ya kichwa. Kama wewe ni prodyuza na maisha yako ni biti, Stomp Dance, lakini usikilize kwanza stomp ya sauti tupu ujue Robertson alijaza pengo gani.

Na kama ni mtunzi kama mpwa wangu, hapo nabadilisha mpangilio na wengine wanaweza wasikubaliane na mimi. Anza na kina mama wa Six Nations, sio na Shenandoah. Ukianza na Shenandoah utaiga matokeo, utaenda kwa bibi na gita tayari mkononi na kordi tatu tayari kichwani, na wimbo wa bibi utalazimika kujikunja uingie humo. Ukianza na kina mama utajifunza kuuliza wimbo huu umejengwaje, nani anaanza, wengine wanaingia wapi, mguu unashuka silabi gani, unakatika vipi. Ukishajua hayo hata gita utalipiga tofauti, pengine nyuzi mbili tu, pengine usiguse kordi kabisa mpaka mstari wa pili. Halafu ndo umsikilize Shenandoah, utasikia jinsi alivyojua kila kitu alichokiacha.

Mpwa wangu amekubali kwa shingo upande. Nimemwambia aende kwa bibi Jumamosi bila gita, akae, amuulize nyimbo tatu za kuchezea, ajifunze kuziimba na kuzicheza zote mpaka bibi aridhike, na amuulize bibi wazi wazi kama anaruhusu ziende kwenye gita na jina la nani litajwe. Jana usiku kanitumia voisi ya sekunde arobaini, ni bibi anaimba na kumkatiza kila mara, "Hapana, hapo unaingia mapema, nisubiri."